Ongeza Kidogo, Mama

"Kwa mkasi! Mtu mzima unakata waya wa watu kwa mkasi! Umeme ungekushika hapo na tumbo lako, mimi ningesema nini?"

Dobi alisimama katikati ya ua, ncha moja ya waya mkono wa kulia, ncha nyingine mkono wa kushoto, na redio yenyewe kaibana kwapani kama kuku anayetaka kutoroka. Jirani yake, fundi wa kushona, alikuwa mlangoni pake, pini tatu midomoni, mkasi bado mkononi, mimba ya miezi saba mbele yake.

"Unanijibu au hunijibu? Maana mimi sikuzoea kuongea na ukuta. Mdomo Mungu kakupa wa kushikia pini tu?"

Fundi akatoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Nilitaka inyamaze," alisema.

"Inyamaze! Ungesema, 'Mama Dobi, redio inanikera.' Ningepunguza. Si ningepunguza, jamani?"

"Hungepunguza," alisema Mlinzi kutoka chumba cha kona. Alikuwa kajifunga taulo, macho mekundu, kwani alifanya kazi usiku, na mchana ndiyo ilikuwa zamu yake ya kitanda. "Lakini mimi sisemi kitu. Leo nimepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Mimba hiyo iheshimiwe."

Watu waliokuwa wakifua karibu na bomba wakacheka. Hata Bibi Funguo, mwenye nyumba, aliyekuja akiburuza kandambili na furushi lake la funguo likimlialia kiunoni, alicheka kwanza ndipo akaamua kesi.

"Dobi, mwanangu, nyamaza. Mimba imekuchukia. Zipo zinazotaka udongo, zipo zinazomchukia mume hata harufu yake, na hii imechukia redio. Akijifungua litaisha. Na wewe Fundi, omba radhi."

"Niwie radhi, Mama," alisema Fundi. Aliitazama redio, si mwenye redio. Kisha akautazama mkasi wake, na Dobi akautazama pia. Ubavuni mwa ule mkasi, pale cheche iliporuka, palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka.

Dobi alikuwa bado na maneno ya kutosha nusu saa nyingine. Akayaacha, akakusanya waya wake.

*

Hakuna mtu katika ua ule asiyeujua mkasi wa Fundi. Ulikuwa mkasi wa nguo na haukukata kingine. Karatasi haukukata, kucha haukukata, hata uzi wa gunia haukukata. Siku moja Dobi aliuomba afungulie mfuko wa mkaa wa pasi, Fundi akamwambia kwa heshima zote, "Mama, niombe cherehani nitakupa. Mkasi, nisamehe." Na leo, kwa mkono wake mwenyewe, kautafunisha waya.

Dobi akaipanga meza yake barazani, akatia makaa kwenye pasi, akaanza kunyoosha mashati ya wateja. Bila redio. Miaka yote tangu afiwe na mumewe hakuwahi kupiga pasi bila redio. Ilimwimbia, ikamtangazia vifo na bei za vitu, ikambishia. Watoto wa ua walisema redio mbili zinaishi chumba kimoja, na moja haitumii umeme.

Na kwa kuwa redio ilikuwa kimya, ndipo kwa mara ya kwanza aliusikia ukuta.

Ukuta ulikuwa mwembamba, na cherehani ya Fundi iliegemezwa upande wa pili. Ilikuwa ikienda kidogo, ikisimama. Ikienda, ikisimama. Haikuwa sauti ya fundi anayeshona. Ilikuwa kama mtu anayetembea gizani akipapasa.

Akaja Mwalimu, mteja wa siku nyingi, kuchukua gauni. Alipokelewa barazani kama wote, kwani chumbani mle mteja hakuingia, wala jirani. Mume wa Fundi hakupenda wageni. Mwalimu akalijaribu gauni juu ya nguo zake, akanyoosha mikono, akajigeuza.

"Fundi, mimi nina mkono wa kushoto mmoja tu."

"Eti?"

"Tazama mwenyewe. Umenishonea mikono miwili, yote ya kushoto."

Fundi akatazama. Akatazama tena, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Nitafumua, Mwalimu."

"Juzi ulifumua kola. Kabla ya hapo ukanipima upya kama hujawahi kuniona, na vipimo vyangu unavijua kuliko mume wangu. Ni mimba au ni dharau?"

"Ni usingizi. Silali."

"Basi lala!" alisema Mwalimu, kana kwamba usingizi unauzwa duka la pili kushoto. Akalivua gauni, akamtupia Fundi, akaondoka na visigino vyake vikigonga sakafu.

Fundi akaingia ndani. Dobi akaendelea na shati. Kupitia ukutani akasikia sauti ndogo, kavu, ya mtu anayejisemesha: "Ni mchana. Imekufa. Hakuna kitu. Ni mchana."

Harufu ya kuungua ikampiga puani. Shati la mteja lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, rangi ya chai. Dobi hakuwa ameunguza nguo tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi.

*

Akenda mlangoni kwa jirani, akasimama nje ya kizingiti kama alivyozoea. Fundi alikuwa kakaa juu ya kigoda, kauelekea mlango, mgongo ukutani. Gauni la Mwalimu lilikuwa mapajani. Hakuwa akilifumua.

"Waya nitakununulia, Mama."

"Nani kakuuliza waya? Nimekuja kuuliza redio yangu imekukosea nini."

Fundi akashika ncha ya uzi, akaiachia.

"Wewe huwa unaongeza sauti lini, Mama?"

Dobi akafungua kinywa, na jibu likafika kabla ya sauti.

Ua ule ulikuwa na adabu yake. Mume na mke wakianza kukwaruzana, jirani mwema haweki sikio. Anafunika. Ukisikia kiti kimeburuzwa kwa nguvu, unaongeza redio, na wa chumba cha tatu akisikia yako anaongeza yake, na Mlinzi kama yupo anaongeza yake, mpaka ua mzima unaimba na aibu ya watu inabaki chumbani kwao. Ndiyo stara hiyo. Na Dobi ndiye alikuwa wa kwanza siku zote. Alijivunia. Kesho yake humwuliza mtu kitu? Haulizi. Anasalimu, anatania, yameisha. Yeye, bingwa wa umbea wa mtaa mzima, habari moja tu hakuwahi kuitangaza, na hiyo aliihesabu kuwa thawabu yake.

"Nilikuwa nakusitiri," alisema.

"Najua, Mama."

Lile "najua" lilimuuma kuliko tusi.

"Haanzi mpaka wimbo uanze," Fundi alisema. Alisema taratibu, bila machozi, kama anayempa mteja vipimo. "Ananiambia nikae kitandani. Anakaa kwenye kigoda, ananyoosha kidole, anasubiri. Ukichelewa, anakuomba dirishani."

Dobi aliikumbuka. Aliikumbuka ile sauti laini ya dirishani, ya kijana mwenye adabu: *Mama, wimbo huo mtamu. Ongeza kidogo.* Naye alikuwa akiongeza, akitabasamu peke yake. Aliona raha kwamba kuna kijana anayejua nyimbo za zamani.

"Sasa hata asipokuwepo. Ukiwasha tu, mchana kweupe, najua yuko kazini, lakini mikono inakataa. Siioni sindano. Tumbo linakaza kama ngoma. Usiku nakaa macho nausubiri wimbo, na hakuna wimbo. Na huyu..." Hakuligusa tumbo, alilielekeza kwa kidevu, kama mtu anayemwonyesha abiria aliyekaa karibu naye. "Huyu anaruka, halafu ananyamaza muda mrefu. Nadhani ameshaujua. Wanawake wanasema ongea naye, mwimbie. Nimwimbie nini? Sijamshonea hata kitambaa. Fundi mzima. Siku nyingine nasema bora asitoke. Siku nyingine nasema bora tuondoke wote wawili, tupumzike."

"Usiseme hivyo!"

"Umeniuliza."

Dobi alishika mwimo wa mlango. Mwisho akasema, "Leo redio haiwaki." Na ilikuwa ahadi rahisi, maana redio yenyewe ilikuwa imekufa.

*

Mume wa Fundi aliitwa Baridi. Alitengeneza majokofu, na jina lingeweza kutoka huko, lakini watu walimwita hivyo kwa upole wake. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Aliwapisha wazee njiani, akawabebea akina mama ndoo. Jua lilikuwa halijazama aliporudi na begi lake la bisibisi begani, na Mlinzi, anayejiandaa kwenda kazini, akampa habari kwa mzaha kabla hajafika bombani: mkeo kaua redio.

Akacheka. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Dobi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

"Nimeambiwa wangu kakukosea. Lete niitazame."

"Ah, iache baba. Ni panya tu."

"Panya mwenye mkasi," alisema Baridi, na tabasamu lake halikupungua. Alishaichukua redio mezani.

Alikuwa fundi kweli, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Akaumenya waya kwa meno ya koleo, akausokota, akaufunga utepe mweusi vizuri hata usingejua palikatwa wapi. Akafungua mgongo wa redio, akakaza kitu. Akaichomeka. Muziki ukaruka nje kama maji ya bomba lililopasuka, na upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka.

"Spika ilikuwa imelegea. Sasa itasikika mpaka barabarani." Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Mimba hizi zinawatia wazimu. Usijali, mama. Nitazungumza naye."

Akaingia chumbani kwake. Kabla mlango haujafungwa Dobi alimwona Fundi kasimama kando ya cherehani, mikono miwili masikioni, na chini ya gauni lake, sakafuni, dimbwi dogo lilikuwa likitambaa kuelekea kigoda. Si maji ya uzazi. Alikuwa amejikojolea, mwanamke mzima, fundi wa watu, kama mtoto.

Mlango ukafungwa. Dirisha likafunguliwa kidogo.

"Mama, wimbo huo mtamu. Ongeza kidogo."

Mkono wa Dobi ulikuwa tayari kwenye kitufe. Ulifika huko wenyewe, kama ulivyofika mara nyingi. Akautazama mkono ule, wenye makovu ya pasi, uliowafulia watu nepi na sanda, na kwa mara ya kwanza ukamtia kinyaa.

Akazima.

"Mama? Imekatika tena?"

"Haijakatika. Nimeizima."

Kiti kikaburuzwa, na mara, chumba cha tatu, mtu aliyeelewa wajibu wake wa ujirani akawasha redio. Mlinzi naye akawasha yake. Dobi akaruka kutoka barazani bila viatu.

"Zimeni! Zimeni redio zenu! Leo hatufuniki!"

"Dobi, kuna nini?" Mlinzi alichungulia, shati la kazi halijafungwa vifungo.

"Zima kwanza, utauliza baadaye. Nawe wa chumba cha tatu, zima! Bibi Funguo! Njoo na funguo zako zote!"

Redio moja ikanyamaza. Ya pili ikanyamaza. Ua ule, ambao hata alfajiri una kelele, ukatulia mpaka tone la bomba likasikika likigonga ndoo. Na katika utulivu ule wote waliisikia, wazi, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, ile sauti laini ya Baridi:

"Umewaambia nini? Sema polepole. Mikono shusha. Nimesema ishushe, nisije nikakosea nikampiga mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mlinzi, mtu mrefu, akajishika kichwa.

Dobi akaupiga mlango kwa kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi kilikuwa pasi ya mkaa, imejaa makaa. Majivu yakamwagika kizingitini. Baridi akafungua. Alipoona ua mzima umesimama mbele yake, alirekebisha kola.

"Shikamoo, mama."

Dobi akamtazama. Shikamoo ile ikabaki hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na hakuna hata mmoja aliyeianua. Ndipo uso wa Baridi ukabadilika. Pasi ya moto hakuiogopa, wala urefu wa Mlinzi. Kilichomtisha ni salamu isiyoitikiwa.

"Haya ni mambo ya mtu na mkewe," alisema.

"Endelea nayo basi. Tumezima ili tusikie vizuri."

"Endelea, ndugu yangu," alisema Mlinzi. "Nina zamu, lakini leo nitachelewa."

Bibi Funguo akapita katikati yao, akiburuza kandambili. "Chumba hiki nilimpangisha huyu binti kabla wewe hujaja na begi lako. Hukukipanga wewe. Lichukue begi. Nguo zako utaletewa langoni."

"Bibi, mke wangu ana matatizo ya akili. Mwulizeni mwenyewe. Halali, hali, anakata waya—"

"Anayo," alisema Dobi. "Na aliyempa ni wewe. Na mimi nilikuongezea sauti."

Baridi akageuka nyuma, akamtazama mkewe, akisubiri amtetee kama siku zote. Fundi alikuwa kasimama juu ya sakafu yenye maji, gauni limemganda miguuni, watu wote wakimwona. Akaushika mkasi wake wenye pengo, akauweka ndani ya droo ya cherehani, akaifunga droo.

"Nenda," alisema.

Akaenda. Bisibisi zikilia begini, akavuka ua, na watu wakampisha njia kama yeye alivyowapisha wao. Langoni alisimama kidogo, pengine akingoja mtu amwite. Walichosikia ni bomba tu.

*

Kesho yake Dobi alimpeleka Fundi kliniki. Nesi, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, akasikiliza tumbo kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto mzima. Kisha akamwomba Dobi atoke.

"Abaki," alisema Fundi.

Nesi akauliza maswali yake bila haraka. Unalala? Unakula? Unaogopa nini nyumbani? Yapo mawazo ya kujidhuru? Na kila Fundi alipokaribia kuficha, alimtazama Dobi, akasema kweli.

"Nimekuwa mwendawazimu, dada?"

"Mwendawazimu hakati waya sahihi," alisema Nesi. "Mwili wako umejifunza hofu kwa wimbo. Kilichojifunza kwa kupigwa kinachukua muda kusahau, na hakisahau peke yake. Utakuja kuongea na mwenzangu kila wiki. Na kwenye dawati la jinsia la polisi mtapita leo, nitawaandikia. Nyumbani uko na nani?"

Dobi akadakia. "Na sisi."

"Nyie mko wangapi?"

"We dada, njoo uhesabu mwenyewe. Hata pa kuanika nguo hatuna."

Nesi akacheka, na Fundi akakitazama kile kicheko kama mtu anayetazama kitu alichowahi kuwa nacho.

Hakupona siku ile. Usiku wa kwanza alilala kwa Bibi Funguo, mlango umefungwa na kufuli mbili, na aliamka akipiga kelele. Zipo siku alishona vizuri mpaka adhuhuri, halafu mtu akapita barabarani na muziki, akakaa chini. Baridi naye alirudi. Alisimama langoni na sauti yake ya asali, akiomba tu kuzungumza. Ua mzima ukatoka na vigoda vyake, ukakaa langoni, ukanyamaza ukimtazama. Alirudi mara nyingine, akakuta vigoda vimeongezeka. Hakuonekana tena, na polisi nao walikuwa wameshamwita.

Dobi alipiga pasi bila redio. Ilimbidi aongee mwenyewe. Alitangaza vifo na bei za vitu, akaongeza na chumvi, na ukutani upande wa pili siku moja alisikia kicheko, kifupi, kikakatika kama kimejishtukia. Cherehani ikaendelea, mfululizo sasa, mshono mrefu bila kusimama.

Mwalimu alikuja kuchukua gauni lake. Akanyoosha mikono, akajigeuza. Wa kulia kulia, wa kushoto kushoto. "Haya," alisema, na aibu kidogo. "Umelala?"

"Nimelala, Mwalimu. Kidogo."

Siku ile ile, jua likiwa limeinama, Dobi aliona kitu kimeanikwa kwenye kamba, katikati ya mashati ya wateja wake. Kilikuwa kishati, kidogo hata kibanio kimoja kilikitosha, kimeshonwa kwa vipande vilivyobaki vya gauni la Mwalimu. Akakigeuza akague mikono. Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Macho yakamchoma, akasingizia moshi wa makaa.

"Hicho usikipige pasi," alisema Fundi. "Utakiunguza. Nasikia siku hizi unaunguza."

Alikuwa kasimama mlangoni pake, kauacha mlango wazi mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya tumbo. Nyuma yake mkeka ulitandikwa, na juu ya mkeka sufuria mbili zilizofunikwa, na sahani mbili. Harufu ilikuwa imeshafika barazani.

"Kuna mgeni?" aliuliza Dobi, akirefusha shingo. Umbea haufi.

"Yupo. Kasimama na kishati cha mwanangu mkononi. Njoo tule."

Dobi akaiweka pasi. Akajifuta mikono, akasogea, akasimama nje ya kizingiti kama miaka yote, hajui mguu gani utangulie. "Nije na redio? Ya polepole tu?"

Fundi alifikiri. Aliifikiria kweli, na mkono wake ukazunguka tumboni taratibu. "Bado, Mama," alisema. "Redio iache. Wewe unatosha kituo kizima. Ingia, chakula kinapoa."